Lagi za waya za ndege: kwa nini zile za Kariakoo hazikubaliki?

kijana_wa_hanga:
Wakuu habari za jioni, naombeni darasa kidogo. Mimi bado mwanafunzi wa matengenezo ya ndege, niko mafunzo kwa vitendo kwenye hanga moja hapa Dar, wiki hii tumefungua Cessna 172 ya zamani ile ya volti 14 kwa ajili ya ukaguzi. Sasa kwenye alteneta kuna waya mbili ambazo lagi zake, yaani vile vichwa vya chuma vinavyobanwa mwishoni mwa waya, hazieleweki. Ule waya mnene wa chaji una lagi tupu nyeupe isiyo na plastiki, juu wameivalisha mpira, na huo mpira umegeuka kahawia na umekauka hadi unapasuka ukiugusa. Ule mwembamba wa fildi (unaolisha sumaku ya alteneta) una lagi ya plastiki nyekundu ambayo ukiishika inazunguka kwenye waya, yaani haijashika kabisa.

Msimamizi kasema zote mbili zitoke. Nikamwambia Kariakoo zipo kibao, nyekundu, bluu, njano, paketi nzima bei ya chipsi mayai, na plaizi ya kubania ninayo kwenye begi. Mzee akaniangalia akasema nenda kasome kwanza ndio urudi. Nimefungua manuali nakutana na namba tupu, MS25036, MS20659, AS sijui ngapi, na picha mbili tatu. Naomba mnieleweshe aina za lagi ni zipi, ipi inakaa wapi, na je ile ya Kariakoo ambayo kwa macho ni rangi ileile inakataliwa kwa sababu ya karatasi tu au kuna kitu cha kweli?

Fundi_Umeme_Ilala:
Usitishwe dogo. Mimi nafunga Scania na Fuso, nabana na plaizi ya kawaida halafu napiga risasi ya kuchomelea juu yake, gari inaenda Tunduma inarudi na haijakatika. Umeme ni umeme na shaba ni shaba. Hao wa ndege wanapenda makaratasi tu, kitu cha buku unauziwa kwa bei ya kuku.

Mzee_wa_Fayawoli:
Fundi wa Ilala nakuheshimu, ila hapo kwenye risasi ndipo unapompoteza kijana, nitakurudia.

Kijana, kabla ya aina uliza kwanza lagi inatakiwa ifanye nini. Kile kitabu cha mamlaka ya anga ya Marekani ambacho karibu kila hanga la ndege ndogo linacho, AC 43.13-1B, sura ya 11 ndio ya umeme, kinasema mambo mawili. Moja, pale waya ulipoungana na lagi pasiwe dhaifu kuliko waya wenyewe ukivutwa. Mbili, ukinzani wa pale uwe mdogo kiasi cha kutohesabika. Basi. Mengine yote unayoyaona kwenye jedwali yanatoka hapo.

Na huko kuvutwa hakupimwi kwa kukisia. Kiwango cha AS7928, zamani kikiitwa MIL-T-7928, kinataka lagi ya geji 20 (geji ni kipimo cha unene wa waya, namba ikishuka waya unanenepa) ishike pauni 19, yaani kilo nane na nusu hivi, geji 18 pauni 38, geji 14 pauni 70, geji 10 pauni 150 ambazo ni karibu kilo 68. Hiyo yako ya fildi inayozunguka kwa vidole hata mtoto angeing'oa. Sasa chukua upande wa ukinzani. Tuseme ule waya mnene, lagi imebanwa vibaya na imebaki na sehemu moja ya mia ya omu. Mita yako ya kawaida itakuambia ni sifuri, utaridhika. Lakini alteneta ya ampea 60 ikifanya kazi kamili pale pale panapotea volti 0.6 na panazaliwa wati 36 za joto, kwenye kitu cha ukubwa wa kidole gumba, ndani ya boneti ambayo tayari ni ya moto. Ndio huo mpira wako wa kahawia. Kitabu hichohicho kinasema mfumo wa volti 14 usipoteze zaidi ya nusu volti kwa mzigo wa kudumu kwenye njia nzima, na wewe lagi moja peke yake imeshakula zaidi ya hiyo. Kwa hiyo usipime omu, washa mzigo upime volti kati ya ulimi wa lagi (ile sehemu bapa inayofungwa kwa nati) na waya wenyewe karibu na pale ulipoingia. Msimamizi awepo, propela inazunguka hapo, sio mchezo. Kama hamtaki kuwasha injini, basi kata uangalie, shaba yenyewe itasema: ikiwa nyeusi au kijani ndani ya bomba la lagi umeshapata jibu.

Haya, aina. Ya kwanza kuangalia ni ulimi. Kwenye ndege tunataka ulimi wa ringi, duara lililofungwa. Ule wa uma uliowazi mbele, wa kwenye redio za magari, nati ikilegea kidogo tu unateleza na kutoka, wakati ringi nati ikilegea bado inaning'inia kwenye stadi (ile skrubu inayofungiwa lagi) na unapata nafasi ya kuiona kwenye ukaguzi. Ndege inatetemeka muda wote, nati kulegea sio jambo la ajabu, ndio maana kitabu kinasisitiza ringi. Kuna pia zile bapa za kuchomeka na kuchomoa, utazikuta nyuma ya baadhi ya swichi za dashibodi, hizo acha palepale kiwanda kilipoziweka, usianze kuzisambaza kwingine kwa sababu ni rahisi.

Ya pili ni mavazi. MS25036 ni lagi ya shaba iliyopakwa bati, yenye koti la plastiki tayari, ndio hizo nyekundu, bluu na njano, na zinaishia geji 10. Siku hizi zinaandikwa AS25036, usibabaike ni ileile. MS20659 ni lagi tupu bila koti, ndio ya waya nene za betri, stata, alteneta, baada ya kubana unaivalisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Kwa hiyo waya wako mnene haumo kabisa kwenye mambo ya rangi, hata ungeleta gunia zima la Kariakoo.

Ya tatu ni joto. Koti la nailoni la zile za rangi kwa kawaida mwisho wake ni nyuzi joto 105 za Selsiasi. Waya wenyewe wa ndege, mfano ule M22759/16, unavumilia 150. Kwa hiyo sehemu ya kwanza kuumia ni koti la lagi, sio waya. Karibu na ekzosti zipo lagi za koti la daraja la juu zaidi, na zile zilizopakwa nikeli badala ya bati kwa sababu bati halivumilii moto mkali. Waya nao hivyohivyo, wa bati hadi 150, wa fedha hadi 200, wa nikeli hadi 260, na lagi inatakiwa iende na waya wake. Kuchukua lagi ya bati ukaiweka kwenye waya wa nikeli ni kutupa pesa ya waya.

Sasa risasi. Ukichoma risasi kwenye waya wa nyuzi nyingi, risasi inapanda ndani kwa ndani kama mafuta kwenye utambi, inapita mdomo wa lagi inaingia chini ya ganda. Pale inapoishia waya unageuka mgumu ghafla, upande mmoja fimbo upande wa pili kamba, mtetemo wote unakuja kumalizikia kwenye mstari huo na nyuzi zinakatika moja moja ndani ya ganda ambako huoni. Lori halitetemeki kama injini ya silinda 4 iliyofungwa kwenye fremu nyembamba, na lori likizimika unapaki pembeni. Na risasi ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi joto 183 tu, kwa hiyo kiungo kikianza kupata joto risasi inalainika, ukinzani unapanda, joto linazidi, mpaka kinaachia. Kiungo kilichobanwa vizuri hakihitaji risasi, na kilichobanwa vibaya risasi haikiponyi, inakificha.

Fundi_Umeme_Ilala:
Mzee hapo kwenye utambi umenipata. Ni kweli waya za taa za trela zinanikatikia palepale nyuma ya lagi, nilidhani ni waya za Kichina.

Dada_Waya:
Mimi niko avioniki, yaani umeme na redio za ndege, hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Mzee ameeleza poa, wacha niongeze hio story ya rangi juu ndio inachanganya watu wengi, na ndio jibu la swali la huyu kijana kama ni karatasi tu ama ni kitu.

Rangi ni zilezile lakini vipimo si vilevile. Lagi za dukani mnazopata huko Kariakoo ama hapa Luthuli nyingi zimetengenezwa kwa waya za milimita za mraba: nyekundu 0.5 hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Waya za ndege zinaenda kwa geji ya Marekani. Sasa hesabu nami. Geji 16 ni kama 1.3 milimita za mraba. Ukienda na paketi ya dukani hio ni nyekundu. Ukienda na MS25036 nyekundu inaishia geji 18, geji 16 iko kwa bluu pamoja na 14. Umeona? Na mbaya zaidi ni geji 12, hio ni kama 3.3. Bluu ya dukani inaishia 2.5, njano inaanza 4. Hio waya haina kwao kabisa! Fundi ataiingiza kwa njano, itaingia vizuri sana, ataminya, itaonekana imeshika, na ndani nyuzi zina nafasi ya kucheza. Hio si mambo ya karatasi.

Halafu ndani ya lagi yenyewe. Ya bei rahisi ni vipande viwili, bomba la shaba na plastiki ya PVC juu, mara nyingi bomba lenyewe ni bamba limekunjwa tu mshono uko wazi. Ya ndege, zile watu wanaita PIDG, iko na vipande vitatu: bomba la shaba ambalo mshono wake umefungwa, mkono mwembamba wa shaba unaoingia chini ya koti, halafu nailoni juu. Huo mkono wa pili ndio siri. Ukibana vizuri unabana sehemu mbili kwa mpigo mmoja, bomba linashika nyuzi za shaba na ule mkono unashika ganda la waya. Kwa hivyo mtetemo unaishia kwa ganda, haufiki kwa nyuzi. Ya dukani haina, plastiki yake inakaa tu juu ya waya ikiwa kubwa kama gauni la kuazima. Na PVC ikiungua inatoa moshi wenye sumu, kwa kabini ndogo ya watu wanne hutaki hio moshi.

Sasa plaizi yako. Iache kwa begi. Lagi na krimpa (plaizi maalumu ya kubania lagi) ni kitu kimoja, ukinunua moja bila nyingine hujanunua kitu. Krimpa ya ndege iko na racheti, ukishaanza kubana haifunguki mpaka ifike mwisho, kwa hivyo mkono uliochoka na mkono wenye nguvu vinatoa kazi sawa. Plaizi ya kawaida inategemea umekula nini asubuhi. Familia ya krimpa ni M22520, kwa hizi za rangi ni fremu moja unabadilisha dai (yale meno ya kubania) kulingana na lagi, na watengenezaji wako na zao kwa lagi zao. Na krimpa inapimwa na kipimo cha ipite-isipite kila muda, inapewa stika ya tarehe. Ukikuta stika imepitwa, usibane hata moja, haijalishi inaonekana mpya venye.

Kuvua ganda pia ni kazi. Kwa geji 24 mpaka 14 za nyuzi 19, zilizokwaruzwa zisizidi 2 na iliyokatika isiwe hata moja. Geji 12 na 10 zilizokwaruzwa ni 4, kukatika bado ni sifuri. Kwa hivyo wembe na meno hapana. Tumia kivulia chenye tundu la geji yako. Na nyuzi zikiingia zionekane zimetokeza kidogo sana upande wa ulimi, kama zimejificha ndani hujui ziliingia nusu ama robo, na kama zimetokeza sana zinakaa chini ya washa (kile kisahani chenye tundu cha chini ya nati) na kuinua ulimi.

pwani_kavu:
Asalaam aleikum jamaa. Mmesahau alumini, na sisi wa pwani ndiyo iliyotutia adabu.

Cessna hiyo pengine nyaya zake zote ni shaba, lakini mkifungua Piper za miaka ya 1960 na 1970, hasa jamii ya Cherokee, mtakuta kebo za betri ni alumini. Piper walitaka uzani mwepesi, betri iko nyuma au chini ya kiti na stata iko mbele, hivyo kebo ni ndefu. Kwa miaka ya mwanzo hakuna neno. Baadaye injini yaanza kuwa nzito kuamka, watu wanabadilisha betri, wanabadilisha stata, kumbe ubaya uko kwenye lagi. Alumini ikipata hewa tu hujivika utando mgumu ambao haupitishi umeme, na ukiongeza chumvi ya bahari na lagi ya shaba iliyovishwa kwenye kebo ya alumini, basi unyevu ukiingia hapo pameshakuwa betri ndogo inayokula alumini polepole. Mombasa, Unguja, Mafia, Lamu, ndege inalala nje, nyinyi semeni wenyewe.

Sharti lake ni hili: kebo ya alumini lagi ya alumini, haina mjadala. Na lagi hizo mara nyingi zaja na dawa ndani, mchanganyiko wa vaselini na unga wa zinki, mdomo umezibwa. Watu huona ni uchafu wakaisafisha! Ule unga wa zinki ndio unaokwaruza utando wa alumini wakati wa kubana ili metali ikutane na metali, na vaselini inazuia hewa isirudi. Ukiifuta umeitupa dawa. Na alumini nyuzi iliyokwaruzwa ni sifuri, iliyokatika ni sifuri, kwani ni laini na mkwaruzo mdogo huwa ufa. Wengi siku hizi wanaziondoa kabisa kebo zile na kuweka za shaba kwa seti zenye kibali, kuna uzani kidogo umeongezeka lakini injini yaamka. Mimi nawaunga mkono, hasa kwa ndege inayoishi karibu na maji.

kijana_wa_hanga:
Dah asanteni sana, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Leo tumekata zile lagi mbili. Ile nyekundu ya fildi mshono wa bomba uko wazi kama alivyosema dada, na imebanwa kwa kitu chenye meno, plastiki imetobolewa. Ile nene ndani shaba ni nyeusi, na kilichonishangaza tundu la ulimi ni kubwa kuliko stadi, halafu waliweka washa ya chuma chini ya lagi kujazia, ndio nati ikaja juu. Msimamizi akacheka tu akasema waulize wataalamu wako wa mtandaoni hiyo washa ina kosa gani. Pia nimeona kwenye ubao wa fayawoli (ule ukuta kati ya injini na kabini) kuna stadi moja ina lagi tano zimepandana.

Mzee_wa_Fayawoli:
Msimamizi wako ananifurahisha huyo.

Umeme unataka kutoka kwenye uso wa stadi au baa (kile kipande bapa cha kusambazia umeme) uingie moja kwa moja kwenye ulimi wa lagi, bapa kwa bapa. Ukiweka washa ya chuma katikati umeulazimisha upite kwenye chuma, ambacho ni kibaya mara kadhaa kuliko shaba, na umeongeza nyuso za kushika kutu. Mpangilio ni lagi chini imelala kwenye uso safi, halafu washa bapa, halafu washa ya springi, halafu nati. Washa ni ya kuilinda lagi isikwaruzwe na nati na kusambaza mbano, sio ya kupitishia umeme.

Tundu nalo linatakiwa liwe la stadi ile, sio linalokaribia. Stadi namba 10 unene wake ni kama milimita 4.8, namba 8 ni 4.2, namba 6 ni 3.5, robo inchi ni 6.35. Mtu anachukua lagi ya robo inchi anaivalisha kwenye stadi namba 10 kwa sababu inaingia, na kweli inaingia, ila uso uliobaki kugusana ni kidogo na lagi inaweza kukaa upande. Kinyume chake kibaya zaidi, tundu dogo mtu anachukua drili analipanua, ulimi unabaki na kingo mbili nyembamba, moja kila upande. Hiyo usifanye kamwe. Ndio maana namba ya lagi inabeba vitu viwili pamoja, geji ya waya na ukubwa wa stadi, na ukienda stoo na kimoja tu utarudishwa.

Na zile tano kwenye stadi moja, mwisho ni nne. Au tatu na baa. Kama hazilingani unene, kubwa inalala chini ndogo inakaa juu. Ile ya tano itafutiwe stadi yake, na hapo kabla ya kuhamisha chochote angalia mchoro wa nyaya, pengine mtu aliongeza redio au kamera akaona hapo ndio kuna nafasi, na hakuandika popote. Mimi ningeanzia kwenye kitabu cha kumbukumbu za ndege.

Kingine, kama sehemu imebana na lagi iliyonyooka inakataa kukaa, zipo zilizokunjwa kiwandani kwa nyuzi 45 na 90. Usiikunje mwenyewe kwenye vaisi isipokuwa manuali ya ndege hiyo imekuruhusu.

Fundi_Umeme_Ilala:
Swali la kizembe mzee, hizo nene mnabana na nini? Mimi natumia nyundo na patasi butu.

Mzee_wa_Fayawoli:
Nyundo hapana kaka. Geji 8 na waya nene zaidi ni krimpa ya mikono mirefu au ya haidroliki, na dai ya namba ile ya lagi ile, inatoa umbo la pembe sita au shimo la kushuka katikati kulingana na mtengenezaji. Dai nyingine zinaacha namba yake kwenye chuma, ni raha kwa mkaguzi, anasoma namba anajua umetumia ya kweli. Lagi nyingi kubwa zina kitundu kidogo cha kuchungulia mwisho wa bomba, shaba isipoonekana hapo kata uanze upya. Mpira wa kusinyaa uingize kwenye waya KABLA ya kubana, kila mwaka kuna mwanafunzi anayeukumbuka baadaye.

kijana_wa_hanga:
😂😂 Hiyo nimeiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. La mwisho, nikienda kuagiza nawaambia nini? Maana Kariakoo kuna jamaa ananiambia anazo MS25036 halisi kabisa, kiboksi kimeandikwa.

Dada_Waya:
Kiboksi hata mimi naweza chapisha. Lagi za MS na AS ni spea za kiwango, kwa hivyo hazihitaji ile fomu ya 8130-3 ama Fomu 1, zile hati rasmi za kuthibitisha spea ya ndege, kama vile pampu ama altimita ingehitaji, lakini lazima zije na cheti cha ulinganifu kinachosema mtengenezaji ni nani, namba ya spea, na bechi. Hicho cheti kinakaa stoo kwenye faili na namba yake inaandikwa kwa kadi ya kazi. Kama jamaa yuko nacho na kinafuatilika mpaka kwa mtengenezaji, mpelekee inspekta wenu aamue. Kama hana, hata kama ni halisi, kwako si halisi. Hii ndio sehemu ya karatasi uliyokuwa unauliza, na ni ndogo.

Ukiagiza sema hivi: fildi, geji ya waya ni ngapi (isome kwenye maandishi ya waya ama kwenye mchoro, usikisie kwa macho), stadi ya fildi ya alteneta ni namba ngapi, ringi yenye koti, shaba, joto la sehemu hiyo. Ya chaji hivyohivyo ila tupu bila koti, na mpira wake. Na uulize stoo kama mko na krimpa ya lagi hiyo iliyo na stika hai, kabla lagi haijafika.

Mzee_wa_Fayawoli:
Na urefu. Umeshakata lagi mbili, shaba ni nyeusi, utarudi nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Angalia kama waya bado unafika bila kuvutika, na injini ikitikisika kwenye mpira wake bado uwe na ulegevu. Kawaida waya huachwa na ziada ya kubadilishia lagi, ila hiyo ndege ina umri, huenda waliokutangulia wameshaila. Kama haufiki usiunge kipande kwenye ule mnene wa chaji, vuta waya mpya kutoka alteneta mpaka unapoishia. Geji hiyohiyo ya kwenye mchoro, usishuke.

kijana_wa_hanga:
Nimepima sasa hivi na kipande cha kamba. Wa fildi unafika na ziada ipo. Ule mnene umepungua kama upana wa vidole viwili, kwa hiyo ni mpya mpaka mwisho. Kesho naanza na mchoro.